Marehemu baba bado ni mkulima

Droo ya chini ya meza yangu ya kazi ina simu moja ambayo siyo ya mteja. Ni kitochi cheusi, kioo kimepasuka pembeni, namba 5 imefutika kwenye kitufe. Ilikuwa ya baba. Alifariki Aprili 2021, na tangu hapo mimi ndiye ninayeichaji. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Makoroboi hapa Mwanza, kwa hiyo chaji siyo tatizo. Kila baada ya muda naweka salio la mia tano ili laini isifungwe. Mayu, yaani mama yangu, ndiye aliyekataa ifungwe. Alisema wako watu wanadaiwa na baba yako, siku moja watapiga. Hajapiga hata mmoja.

Aliyeandika ni serikali.

Ilikuwa Septemba 2022. Nilikuwa nimeinamia simu ya mteja, nabadilisha mfumo wa chaji, ile simu ikalia ndani ya droo. Ujumbe ulikuwa na jina la baba, yote matatu, na namba yake ya mkulima aliyesajiliwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Nikausoma tena, safari hii kwa sauti. Dada anayeuza kava za simu pembeni yangu akauliza, "Umetumiwa hela?" Nikamwambia hapana, baba yangu ametumiwa mbolea. Akajua nimelewa.

Nikampigia mayu. Hakushangaa hata kidogo. "Walipita kuandikisha. Nikawapa namba niliyonayo kichwani."

Mayu anajua namba moja tu ya simu kwa moyo, na ndiyo hiyo iliyoko kwenye droo yangu. Ya kwake mwenyewe haijui. Akitaka kumpa mtu, anampigia aone.

Walioisahau hali ya mwaka ule, niwakumbushe kidogo. Mbolea ilikuwa imepanda mpaka watu wakawa wanaulizia bei kwa kujifurahisha tu. Urusi ilikuwa imeingia vitani Ukraine tangu Februari, na Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani. Halafu urea, mbolea ya kukuzia, hutengenezwa kwa gesi asilia, na gesi nayo ilikuwa haishikiki. Mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 ulifika zaidi ya shilingi 130,000. Siku ya Nane Nane 2022, kule Mbeya, Rais Samia akazindua mbolea ya ruzuku: DAP shilingi 70,000, urea shilingi 70,000, CAN, nayo ya kukuzia, shilingi 60,000. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 kulipia kinachobaki. Hakuna mkulima anayepewa fedha mkononi. Unajiandikisha kijijini, unataja ekari zako, unapata namba, unakwenda nayo kwa wakala, wakala anaingiza namba kwenye simu yake na kuusoma mfuko kwa kamera, wewe unalipa bei ya ruzuku na serikali inamalizana na kampuni ya mbolea huko juu.

Kwenye karatasi ni mfumo mzuri, na nasema hivyo kama mtu anayefungua simu kila siku na kuona yaliyomo. Ila mfumo wowote unaoanza na neno "jaza jina" ujue kazi imeanza palepale.

Kwetu ni Misungwi, ndani kidogo ya barabara ya Shinyanga. Mayu ana ekari tatu. Mbili ni majaruba ya mpunga, moja ya juu ni mahindi na mihogo. Mpunga ukitoka, kwenye udongo uleule mweusi wa mbuga anachomekea dengu, zinakua kwa unyevu uliobaki. Zamani hapo palikuwa pamba. Babu alikuwa mtu wa pamba, tena kilomita chache tu kutoka Ukiriguru, ambako mbegu zenyewe zilikuwa zinazalishwa. Hata zile herufi UK kwenye majina ya mbegu ni Ukiriguru. Baba aliachana na pamba baada ya msimu wa 2001/02, bei ilipoanguka mpaka wazee wakasema hawajawahi kuiona hivyo. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba mwaka ule pamba ilianguka dunia nzima, na kwamba Brazil iliishitaki Marekani kwenye Shirika la Biashara Duniani kwa sababu ya ruzuku inazowalipa wakulima wake wa pamba, ikashinda. Mwaka 2014 Marekani ikakubali kuilipa Brazil dola milioni 300 ili mambo yaishe. Brazil ililipwa. Baba yangu aling'oa miti ya pamba, akaichoma, akachimba majaruba.

Mbolea ya dukani hatukuwa na habari nayo. Tulikuwa na ng'ombe, na penye ng'ombe kuna samadi. Mpaka leo ukanda wetu siyo wa mbolea sana. Wanaoijua vizuri ni watu wa Mbeya, Njombe, Ruvuma huko. Kwetu wazee wanaiita ya chumvichumvi, wanasema ardhi ikishaizoea imekuwa kama mlevi, bila hiyo haiamki. Lakini baba alipougua, ng'ombe waliuzwa mmoja mmoja, hospitali ya Bugando wanatujua. Alipozikwa, zizi lilikuwa limeota majani. Basi ndiyo hivyo mayu akaanza kuiulizia chumvichumvi akiwa na miaka sitini na kitu.

Sasa utaratibu wa kununua ukawa hivi. Wakala aliyekuwa karibu yuko Misungwi mjini. Mayu anapanda bodaboda, elfu tano kwenda, kurudi na mfuko ni zaidi. Akifika anapanga foleni. Zamu yake ikifika anaulizwa namba. Anapiga simu kwangu. Naacha kazi, nafungua droo, nawasha kitochi cha marehemu, namsomea namba yenye tarakimu nyingi, tarakimu kwa tarakimu, yeye anarudia kwa sauti, wakala anaandika, mtandao unakatika, tunaanza upya. Nyuma yake watu wanaguna. Kuna siku mteja wangu alisubiri dakika arobaini ameshika betri mkononi. Alipoondoka aliniambia, "Fundi, wewe ni wakala wa mbolea au wa simu?"

Desemba akapata mfuko wa DAP. Akaugawa kwa sado na jirani yake, mjane mwenzake, ambaye hana elfu sabini kwa mara moja lakini elfu kumi kumi anazo. Hili ni jambo ambalo wanaopanga mifuko ya kilo 50 wangelijua kama wangewahi kununua sukari kijijini. Watu wetu wananunua kwa kupimiwa. Mafuta ya kula kwa kupimiwa, dawa ya panya kwa kupimiwa.

Mwisho wa Januari mpunga umeshika, anataka urea ya kukuzia. Bodaboda, foleni, simu, droo, namba. Wakala akaangalia simu yake akasema mgao wa namba hii umekwisha.

Umekwishaje? Amechukua mfuko mmoja.

Hapana, mama, hapa inaonyesha mifuko yote imetoka. Mzee alikuwa na ekari tano, ameshamaliza.

Nikiwa kwenye simu nilisikia yote. Kwanza hizo ekari tano. Sisi tuna tatu. Mbili zimetoka wapi? Mpaka leo hakuna anayejua aliyeziandika. Ziko kwenye daftari tu, hazina mpaka, hazina jirani, hazijawahi kuota hata magugu. Lakini mbolea yake ililetwa na ikachukuliwa. Pili, yule wakala alimwita "mzee" kwa sauti ya mtu anayemjua, na baba hakuwahi kukanyaga dukani kwake akiwa hai, sembuse.

Sitamtaja wakala huyo. Sina ushahidi, nina kitochi tu. Huenda ni yeye, huenda ni kijana wake wa dukani, huenda ni mtu aliyeona orodha mahali na kuzinakili namba za watu ambao hawatakuja kuuliza. Kwa mtu wa aina hiyo, baba yangu ni mteja bora kabisa.

Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikakumbuka vocha, hasira ikaingia mchanga.

Wadogo hawakumbuki vocha za pembejeo. Zilianza 2008/09, zilikwenda mpaka 2013/14, Benki ya Dunia ikiwa imetia mkono. Kaya ilipewa karatasi tatu: ya mbegu, ya mbolea ya kupandia, ya mbolea ya kukuzia, zote za ekari moja ya mahindi au mpunga. Karatasi ililipia kama nusu ya bei, nusu nyingine unatoa mwenyewe. Wanaopata walichaguliwa na kamati ya kijiji, wanaume watatu na wanawake watatu, na kaya zinazoongozwa na wanawake ndizo zilitakiwa kutangulia. Majina yalipelekwa mkutano wa kijiji. Kwetu nakumbuka yalisomwa chini ya mwembe wa shule, mtu akisikia jina asilolipenda anasimama hapohapo. Kulikuwa na kelele, kulikuwa na ndugu wa mwenyekiti, yote hayo yalikuwepo, lakini jina lilisomwa na watu wakalisikia.

La baba lilisomwa. Nilikuwa nimerudi likizo, nilimwona anazikunja zile karatasi tatu na kuziweka ndani ya kofia. Jioni akaja mtu na pikipiki. Walizungumza nje ya zizi. Baba akasaini, mtu akaondoka na karatasi zote, baba akaingia ndani na shilingi 15,000. Mbegu hatukuiona, mbolea hatukuiona. Yule mtu alipeleka karatasi zilizosainiwa, akalipwa fedha kamili kana kwamba tumechukua mifuko. Na baba hakuona kama ameibiwa. Alisema nusu ya bei sina, hata hiyo karatasi ingekufia kwenye kofia, bora nimepata ya sukari. Mayu hakuulizwa. Jembe lilikuwa lake, karatasi ya baba.

Kwa hiyo hesabu ya familia yetu na ruzuku za serikali iko hivi: mara ya kwanza mzee aliuza mwenyewe akiwa hai, mara ya pili wameuza wenzake akiwa kaburini. Katika mara zote mbili aliyesimama kwenye tope mpaka magoti hakuwa na jina popote.

Nikamsimulia mambo haya binamu yangu aliyeko Marekani, anaendesha malori huko Kansas. Nilitarajia anihurumie. Akacheka mpaka nikaondoa simu sikioni. Akanitumia tovuti ya shirika linaloitwa EWG. Unachagua jimbo, unachagua wilaya (wao wanaita kaunti), inakuletea majina ya wakulima waliolipwa ruzuku na serikali yao na kiasi walicholipwa, mmoja mmoja, kuanzia mwaka 1995. Jirani anaona ya jirani. Ngano, mahindi, soya, pamba. Nilikaa nayo usiku kucha kama mtu anayechungulia dirisha la watu. Nilitafuta kaunti za pamba za Texas, nikaona tarakimu, nikamkumbuka baba akichoma miti yake.

Si kila kitu kiko wazi; bima ya mazao, ambayo serikali yao inailipia sehemu kubwa, majina ya wanaofaidika yamefichwa. Lakini kilichonishika ni jambo lingine. Mwaka 2007 wakaguzi wa Bunge lao, GAO, walitoa taarifa kwamba kati ya 1999 na 2005 wizara ya kilimo ilitoa dola bilioni 1.1 kwa majina ya watu waliokufa. Waliwahesabu: marehemu 172,801. Sehemu kama asilimia 40 ya fedha hizo zilikwenda kwa watu waliokuwa wamekufa miaka mitatu au zaidi.

Nilimpigia mayu usiku uleule. Nikamwambia, mayu, baba hayuko peke yake. Wako zaidi ya laki moja na sabini, na ni Wazungu.

"Nao walikuwa na ekari za uongo?" akauliza.

Sikuwa na jibu, ila swali lake lilinipeleka mahali. Wale wakaguzi waliweza kuhesabu marehemu kwa sababu walikuwa na orodha mbili, ya wanaolipwa na ya waliokufa, wakaziweka pamoja. Kijijini kwetu hata hilo halihitaji mkaguzi. Bandika majina ya waliosajiliwa na ekari zao kwenye ukuta wa ofisi ya mtendaji, pale pale wanapobandika mapato na matumizi, na kabla jua halijazama kutakuwa na mtu amesimama anasema huyu tulimzika, huyu ana ekari moja, huyu yuko Geita anachimba dhahabu. Kijiji kinajua wafu wake. Tulitoka kwenye karatasi na mwembe, tukaingia kwenye simu, wizi wa karatasi ukapungua kweli, siwezi kukataa, lakini masikio ya mkutano nayo yakaondoka. Leo orodha iko mahali fulani juu, sisi tunaona kila mtu ujumbe wake. Na wa kwangu unaingia kwenye droo.

Nilifunga kibanda siku moja mwaka 2023, walipokuwa wanahuisha daftari, nikapanda hiace Nyegezi mpaka Misungwi, nikamchukua mayu tukaenda ofisi ya mtendaji. Mtendaji ni kijana mstaarabu, alitupa viti. Foleni ilikuwa ndefu, nusu yake wanawake, na nilisikiliza. Karibu kila mmoja akiulizwa jina la mkuu wa kaya anataja la mwanaume. Mwanaume yuko ziwani anavua, mwanaume yuko mgodini, mwanaume yupo nyumbani amelala. Mwandishi haandiki vibaya, anaandika anachoambiwa.

Zamu yetu ikafika.

"Mama, mkuu wa kaya nani?"

Mayu akafungua mdomo, nikajua jina linalokuja. Nikamkanyaga mguu.

Akanitazama vibaya sana. Halafu akamgeukia mwandishi, akataja jina lake. La kwake mwenyewe, na la baba yake, na la babu yake. Sijawahi kumsikia akilitaja lote. Nilikuwa sijui hata kama babu yake aliitwa hivyo. Ekari? Tatu. Namba ya simu? Akanipa simu yake niisome.

Dole likachukuliwa. Mara ya kwanza likakataa, vidole vya mtu aliyepandikiza mpunga miaka arobaini havina mistari ya kutosha kwa kile kidude. Akafuta kwenye kanga, akaweka tena, kikakataa. Akaweka cha mkono wa kushoto, kikakubali.

Nikamwambia mtendaji sasa tumwondoe marehemu. Akasema hilo ni lingine, lina taratibu zake, tuanze na cheti cha kifo, tupeleke nakala wilayani, tusubiri. Cheti hatukuwa nacho. Tulizika nyumbani kwa haraka ya siku zile, na kuandikisha kifo hakukumbukwa na mtu. Bado nakifuatilia, nimeshakwenda mara mbili.

Msimu ule mayu alichukua DAP na urea kwa namba yake, bila kunipigia. Alinipigia baadaye tu, kunieleza kwamba wakala alimwita kwa jina.

Mwaka huu ujumbe umeingia mara mbili. Mmoja kwake kijijini. Mwingine humu kwenye droo, saa nne asubuhi, nikiwa nachomelea kwa lehemu. Jina lilelile, majina yote matatu, ekari tano. Nikampigia nikamwambia baba amesajiliwa tena.

Nilisikia upande wa pili jembe linawekwa chini.

"Basi mwambie aje kupalilia," akasema, akakata.